Mita 29.9 za Kirusi: Shajara ya Mradi Wetu

3 Mei

Wazo limetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nilikuwa nafundisha vinasaba, nikasema kirusi cha UVIKO-19 kina herufi za vinasaba 29,903, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hizo ni nyingi kiasi gani?" Nikaandika namba ubaoni. Akaitazama, kisha akanitazama mimi. Namba haikumwambia kitu.

Usiku nikapiga hesabu. Herufi moja ikipewa milimita moja, kirusi kizima kinafika mita 29.9. Korido yetu, kuanzia mlango wa ofisi ya walimu hadi maabara, inakipokea na nafasi inabaki.

Lakini urefu peke yake si somo. Kwa muda mrefu nimetaka kuwaonyesha watoto kinachotokea kirusi hiki kikikaa ndani ya mtu mmoja miezi na miezi. Mwenye kinga timamu, kwa kawaida, hutoa virusi hai kwa siku kama kumi hivi, kisha mwili unavimaliza. Kuna watu wachache ambao mwili wao hauvimalizi. Kisa nilichokichagua ni cha mwanamke mmoja wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, aliyekuwa na VVU ambavyo dawa zake zilikuwa zimeshindwa kuvifubaza. Korona ilikaa naye siku 216. Watafiti wa Durban, miongoni mwao Alex Sigal na Tulio de Oliveira, walisoma vinasaba vya kirusi chake mara kwa mara katika kipindi hicho, na mwaka 2021 wakaeleza walichokiona: mabadiliko zaidi ya 30, ndani ya mwili mmoja.

Siku 216 ni zaidi ya miezi saba. Katika jamii kwa jumla, ukifuata mnyororo wa maambukizi kutoka mtu hadi mtu, kirusi hiki kilikuwa kinabadilisha herufi kama mbili kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe uone kwamba kwa huyu mama kulikuwa na mwendo mwingine.

6 Mei

Mtu wa Tanga akitaka kamba hafikirii mara mbili. Tumenunua kamba ya katani, tumeipima ikiwa imelazwa chini, tukaweka alama ya kalamu kila mita. Wanafunzi sita, jioni nzima.

Mvua ya masika imenyesha usiku kucha. Asubuhi tumeikuta kamba imekaza kama ya kuanikia nguo, na msumari wa mwisho umepinda. Katani hunywa unyevu, ikivimba inafupika. Alama zetu zote zimehama. Alama mbili ninazozihitaji kuliko zote ziko umbali wa milimita 51 tu, na kamba hii imehama zaidi ya hapo kwa usiku mmoja. Haifai. Tumeishusha, na wanafunzi wa michezo wameichukua kwa ajili ya kuvutana.

9 Mei

Jibu nimelipata kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Nilikwenda kuchukua suruali, nikamkuta ameitundika futi shingoni kama kawaida yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Suruali tayari, bado pasi tu."

"Hiyo futi yako ina urefu gani?"

"Sentimita 150. Zote ni hivyo hivyo."

Nikasimama pale pale nikihesabu. Sentimita 150 ni milimita 1,500. Futi 20 ni milimita 30,000. Kirusi kina 29,903. Kinachozidi ni milimita 97, unakata sentimita 9.7 kwenye futi ya mwisho na kirusi kinatoshea kikamilifu. Na namba zimeshachapwa juu yake! Hatuhitaji rula wala kalamu. Hata futi moja ikiwa imevutika kidogo kuliko nyingine (na zinavutika, mzee amenionyesha mbili zilizotofautiana), bado namba iliyochapwa ndiyo inayosema herufi iko wapi.

Amekubali kuziunganisha kwa mashine, mwisho wa futi kwa mwanzo wa nyingine, bila kula hata milimita moja. Akaniuliza kazi ya nini. Nikamwambia ni korona. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mdogo wake aliondoka na ugonjwa huo, na kazi hii hataki malipo.

12 Mei

Futi zimeunganishwa. Tumezinyoosha koridoni na kuanza kutafuta mahali pa kila kitu, kwa kutumia mpangilio wa kwanza wa kirusi hiki uliotolewa hadharani Januari 2020 kutoka China, ambao dunia nzima huhesabia herufi zake.

Jeni la protini ya mwiba, ile inayokishikiza kirusi kwenye seli zetu, linaanza herufi ya 21,563 na kuishia 25,384. Kwenye futi zetu linaanzia futi ya 15, sentimita 56.3, linaishia futi ya 17, sentimita 138.4. Mita 3.82 kati ya mita 29.9. Wasichana wawili wameshika mwanzo na mwisho wake, kila mmoja na kitambaa cha rangi, na wote tumeona kwa macho kwamba mwiba ni sehemu ndogo ya kirusi.

Kisha tukatafuta mahali pa amino asidi ya 501 ya mwiba (amino asidi ni vipande vinavyounganishwa kutengeneza protini). Mwanafunzi mmoja akapiga hesabu: herufi ya 23,063, futi ya 16, sentimita 56.3. Mwenzake akamkatiza: "Umekosea, hiyo ni namba ya mwanzo wa mwiba." Wakarudia. Ikaja ile ile. Nikarudia mimi, ikaja ile ile. Tumekaa dakika kumi tukidhani kuna futi iliyorukwa, mpaka yule wa kwanza akapiga kelele: kila amino asidi moja huandikwa kwa herufi tatu. Kabla ya ile ya 501 kuna 500. Mia tano mara tatu ni 1,500, na 1,500 ni futi moja kamili! Ndiyo maana namba inajirudia. Nimefundisha kwamba herufi tatu hutengeneza neno moja kwa miaka kumi na moja, na sijawahi kuona darasa likilishika jambo hilo kwa mikono namna ile.

Futi ya 16 itakuwa na kazi kubwa kuliko zote. Naandika hapa nafasi zake ili zisipotee:

484 ya mwiba: sm 51.2
501: sm 56.3
614: sm 90.3
796: sm 144.8

Sehemu ya mwiba inayogusa kipokezi cha seli, yaani kitasa chenyewe, inaanzia sm 1.7 na kuishia sm 68.5 ya futi hiyo hiyo.

16 Mei

Leo fundi amekuja shuleni mwenyewe. Wazo la kutumia uzi ni lake: badala ya kubandika karatasi zinazodondoka, kila badiliko lishonwe kwa uzi wa rangi juu ya milimita yake. Ameshona wa kwanza, uzi mweusi kwenye sm 90.3. Hilo ni badiliko la 614, ambalo kufikia katikati ya 2020 lilikuwa limeenea karibu kila mahali duniani, kwa hiyo tunalihesabu kama mahali pa kuanzia.

Akiwa na sindano mkononi akauliza swali ambalo nimelibeba siku nzima.

"Mwalimu, mimi nikikosea mshono nafumua. Huyu kirusi anaponakili hizi herufi zake zote, akikosea hafumui?"

Anafumua, mzee. Na hapo ndipo korona inapotofautiana na virusi vingi vya RNA. Virusi vya mafua havina wa kufumua. VVU navyo havina. Korona ina protini inayoitwa nsp14, ambayo hufuata nyuma ya ile inayonakili, ikikuta herufi isiyolingana inaing'oa, inakiliwe upya. Maelekezo ya kuitengeneza yako kwenye futi zetu kuanzia sm 4.0 ya futi ya 13 hadi sm 12.0 ya futi ya 14. Sentimita 158, kimo cha mwanafunzi. Mwaka 2007 maabara ya Mark Denison huko Marekani ilionyesha kwamba korona ya panya iliyoharibiwa kikaguzi hicho hukusanya makosa mara 15 hivi zaidi ya ile yenye kikaguzi kizima. Bila fundi wa kufumua, kitabu kirefu kama hiki kingejaa makosa kikafa.

"Na akikata kitambaa kibaya?" mzee akauliza.

Sikumwelewa mara moja. Akaeleza: mshono uliokosewa unafumuka, lakini kitambaa kilichokatwa kikaanguka chini hakirudi.

Amegusa penyewe. Kikaguzi hurekebisha herufi iliyokosewa. Herufi zikirukwa kabisa wakati wa kunakili, hakuna kisicholingana cha kung'oa, na pengo linabaki. Watafiti wa Pittsburgh walilieleza hilo mwaka 2021, baada ya kumfuatilia mgonjwa wa saratani ambaye korona ilikaa naye siku 74 hadi alipofariki. Mapengo kwenye mwiba wa kirusi chake yalitokea sehemu zile zile yalikotokea kwa wagonjwa wengine wasiohusiana naye kabisa, na mapengo hayo yaliondoa mahali ambapo kingamwili hushika. Pengo jingine linalojirudia hivyo kwa wagonjwa mbalimbali liko sm 76.5 hadi 77.0 ya futi yetu ya 15. Herufi sita, amino asidi mbili, ya 69 na ya 70. Fundi amekata tundu dogo hapo kwa wembe. Unapitisha kidole juu ya futi unalihisi.

19 Mei

Kisa cha Durban. Leo tumekishona.

Nimewaambia wanafunzi wasishone mabadiliko yote zaidi ya 30, maana jicho litachoka. Nyuzi mbili zinasimulia. Wa kwanza, mwekundu, sm 51.2 ya futi ya 16. Kirusi kilichomwingia yule mama kilikuwa na herufi G hapo, na neno lote la herufi tatu lilikuwa GAA. G ikawa A, neno likawa AAA. Badiliko la herufi moja kati ya 29,903, na amino asidi yenye chaji hasi ikapisha yenye chaji chanya, mahali pale pale ambapo kingamwili nyingi za binadamu hupenda kushika. Kingamwili hizo zikifika hazikutani tena na umbo zilizolizoea. Hili lilijitokeza mapema katika maambukizi yake. Yakafuata mengine ya kukwepa kinga, na uzi wa pili, wa bluu, sm 56.3: AAT ikawa TAT, amino asidi ya 501, badiliko linalokifanya kirusi kishike kipokezi cha seli kwa nguvu zaidi.

Milimita 51 kati ya uzi na uzi. Vidole vitatu vyangu vinaziba nafasi hiyo.

Mabadiliko haya mawili yalikuwa yameonekana pia kwenye aina ya Beta, iliyotangazwa Afrika Kusini Desemba 2020. Ila kirusi cha yule mama hakikutoka kwenye Beta. Kilifika hapo kwa njia yake, ndani ya mwili wake. Kilichochukua jamii nzima ya watu kukichuja, mwili mmoja ulikichuja pia. Nikisoma jambo hili nasisimka kila mara.

Swali lilikuja, na nililitegemea: "Mwalimu, kirusi kinajuaje kibadilike wapi?"

Hakijui. Hakina cha kujulia. Makosa yanatokea popote, futi ya kwanza hadi ya ishirini. Mengi yanakidhuru kirusi na kupotea, mengine hayana faida wala hasara. Kinachochagua ni mazingira, na ndani ya mtu mazingira makubwa ni kinga. Ushahidi wake uko kwenye mgonjwa wa Boston aliyeelezwa mwishoni mwa 2020, mtu aliyekuwa akitumia dawa za kushusha kinga kwa ugonjwa mwingine, na korona ikakaa naye siku 154. Mwiba ni asilimia 13 ya kirusi, lakini ulibeba asilimia 57 ya mabadiliko ya amino asidi. Kitasa ni asilimia 2 tu, na kilibeba asilimia 38. Nimewapa wanafunzi vifungo 100 wavimwage kwenye futi kwa uwiano huo. Futi ya 16 imejaa mpaka vifungo vinaanguka sakafuni, huku mita na mita upande wa kushoto zikiwa na kifungo hapa, kifungo kule. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kama kirusi kinajua.

23 Mei

Tatizo la futi zetu: zinaonyesha kirusi kimoja. Mgonjwa hana kirusi kimoja, ana umati, na ndani ya umati huo kuna waliobadilika na wasiobadilika kwa pamoja. Mpangilio unaochapishwa kwa kawaida ni wa walio wengi, wachache wanajificha chini yake.

Kwa hiyo pembeni ya futi tunaweka bakuli mbili za maharage, mekundu na meupe, na bakuli tupu la tatu la kuchanganyia. Kisa ni cha Cambridge, Uingereza, kilichotolewa na Ravindra Gupta na wenzake mwaka 2021: mwanamume mzee mwenye saratani ya tezi za limfu, ambaye dawa zake zilikuwa zimemaliza seli zinazotengeneza kingamwili. Korona ilikaa naye siku 101, na kirusi chake kikasomwa mara 23.

Siku 57 za kwanza alipewa remdesivir, dawa ya kupambana na virusi, awamu mbili. Umati wa virusi haukubadilika sana. Bakuli limejaa maharage meupe. Kisha akapewa plazma (majimaji ya damu) ya watu waliopona, yenye kingamwili za wengine. Hapo bakuli likageuka. Wakaibuka virusi vyenye mabadiliko mawili kwa pamoja, D796H (badiliko la amino asidi ya 796 ya mwiba) na lile pengo la 69 na 70, vikatawala. Mwanafunzi anamimina mekundu. Kingamwili zile za kuazima zilipopungua mwilini, mekundu yakapungua, meupe yakarudi. Yalikuwa hayajaisha, yalikuwa chini. Plazma ikatolewa tena, mekundu yakarudi juu. Mgonjwa hakupona.

Kwa nini mabadiliko mawili? D796H, ambayo tumeishonea uzi wa kijani sm 144.8, ndiyo hasa iliyokisaidia kirusi kukwepa kingamwili, lakini ilikipunguzia uwezo wa kuambukiza seli. Lile pengo la futi ya 15 liliongeza uwezo huo mara mbili. Moja linaharibu, la pili linafidia. Ukiwa na wiki mbili tu ndani ya mtu, bahati ya kupata yote mawili ni ndogo mno. Ukiwa na miezi, unayo nafasi.

Tumerudia kumimina maharage mara nne mpaka mwendo ukaeleweka. Mwalimu wa jikoni ameomba arudishiwe maharage yake kabla ya Ijumaa.

24 Mei

Fupi. Nimeulizwa kama jambo hili ni la UVIKO-19 peke yake. Hapana. Mwaka 1997 kundi la Kathryn Holmes Marekani lilieleza korona ya panya iliyoachwa ndani ya seli za panya maabarani, seli zikihamishwa kutoka chombo hadi chombo mara 600. Seli zenyewe zilikuwa zimepunguza kipokezi kinachotumiwa na kirusi, yaani mlango umekuwa haba. Kirusi kilichotoka mwisho kiliweza kuingia seli za hamster na za wanyama wengine ambao babu yake hakuwaweza.

Na paka. Korona ya paka hukaa matumboni mwao miezi bila shida kubwa. Kwa paka wachache inabadilika humo humo, inaanza kuishi ndani ya seli za kinga, na paka anapata ugonjwa mbaya wa tumbo kujaa maji. Ila kwa kawaida kirusi hicho kilichobadilika hakiendi kwa paka mwingine. Hii nimewaandikia kwa wino mkubwa: kufaulu ndani ya mwili mmoja na kufaulu kusafiri ni vitu viwili. Wengi wa virusi hawa waliobadilika ndani ya wagonjwa wa muda mrefu wameishia humo humo.

28 Mei

Siku ngumu.

Nilimwalika dada mwelimishaji rika wa CTC (kliniki ya VVU) ya karibu nasi aje aone kabla hatujafungua maonyesho, kwa sababu tunataka futi ziende kwao pia. Anaishi na VVU miaka mingi, na kazi yake ni kuwashika mkono wanaoanza dawa. Alipita taratibu, akagusa tundu la futi ya 15, akamsifu fundi kwa mshono. Kisha akafika kwenye kadi niliyoiandika mimi: "Aina mpya za korona huzaliwa ndani ya wagonjwa wa UKIMWI."

Akaisoma mara mbili. "Kaka mwalimu, hii ukiipeleka kliniki, kesho hakuna atakayekuja kuchukua dawa. Watu watatunyooshea vidole kwenye daladala."

Nilianza kujitetea kwamba sayansi ni sayansi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Wa Cambridge alikuwa na VVU?" Hakuwa navyo. "Wa Boston?" Hapana. "Wa kule kwingine, mwenye mapengo?" Saratani. "Basi sayansi yako ndiyo inayokukataza kadi hii."

Amenishinda, na nashukuru amenishinda mapema. Kinachowaunganisha wote ni kinga dhaifu, iwe kwa saratani, kwa dawa za kushusha kinga au kwa VVU visivyofubazwa. Mtu anayeishi na VVU, anayemeza dawa vizuri na virusi vyake vimefubazwa, hayumo kwenye hadithi hii. Kadi ilikuwa ya uongo, nami niliiandika kwa mkono wangu.

Halafu akanipa kitu ambacho sikukisoma popote kwa lugha nyepesi vile. "Sisi tunalijua hili. Ni kama mtu anayeruka dozi. Dawa ikiwa kamili kirusi hakizai. Usipotumia kabisa kinazaa tu, hakina sababu ya kuwa sugu. Anayemeza leo, kesho asimeze, huyo ndiye anayekifundisha."

Hivyo ndivyo watafiti wanavyolieleza. Kinga kamili inakimaliza kirusi kabla hakijapata muda. Kinga isiyokuwepo kabisa haikichagui. Kinga ya nusu, inayokiuma lakini haikiui, inakipa muda na inakipa sababu. Kwa miezi nimetafuta mfano wa kufundishia, na dada huyu anautumia kila wiki kwenye benchi la kliniki.

2 Juni

Kadi mpya zimeandikwa. Dada amezipitia zote, amefuta neno "wagonjwa" mahali pengi na kuweka "watu".

Kadi ya Durban nimeiandika upya kabisa, kwa sababu niligundua nilikuwa nimekatisha hadithi katikati. Nilikuwa nimeishia kwenye mabadiliko zaidi ya 30. Haikuishia hapo. Yule mama alibadilishiwa dawa za VVU, akapewa zenye dolutegravir. VVU vikafubazwa. Na korona, iliyokaa naye miezi saba na kujishonea nyuzi zote hizi, ikaondoka.

Dolutegravir ndiyo ile "D" ya TLD, kidonge ambacho mamia ya watu wanakipokea kwenye CTC zetu. Dada alipoisoma kadi alifungua mkoba wake, akatoa kopo lake, akaliweka juu ya meza chini ya futi ya 16. Akasema hapo ndipo pake, ila usiku atakuja kulichukua maana ni lake.

Kadi ya Omicron imechukua muda. Iliripotiwa Novemba 2021 kutoka Botswana na Afrika Kusini, ikiwa na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba peke yake, na ndugu zake wa karibu kwenye mti wa ukoo walikuwa wa zamani, bila hatua za katikati kuonekana. Alpha nayo, aina iliyoonekana Kent, Uingereza, mwishoni mwa 2020, ilitokeza na rundo la mabadiliko 17 kwa mpigo. Maambukizi ya muda mrefu ni maelezo yenye nguvu kwa mruko wa namna hiyo, na kwa Omicron kuna wanaosema huenda kilipitia kwa mnyama, au kilizunguka mahali kisikopimwa. Hakuna mtu yeyote aliyewahi kuonyeshwa kuwa ndiye chanzo. Nimeandika hivyo hivyo. Nimeongeza kwamba Afrika Kusini ilitangaza mapema kwa sababu ilikuwa inasoma vinasaba kwa bidii, na malipo yake yakawa kufungiwa safari za ndege. Hilo bado linaniuma.

7 Juni

Tumefungua. Watoto wa shule tatu wamepita. Kitu walichokaa nacho kwa muda mrefu si nyuzi, ni lile tundu. Foleni ya kulipapasa ilifika mlangoni. Kuna mtoto wa darasa la sita aliyetembea mita 29.9 zote akisoma namba kwa sauti, na alipofika mwisho akauliza kwa nini sentimita tatu za mwisho tumeandika A, A, A, A tu. Nikamwambia ndivyo kirusi kinavyomalizika kweli, mkia wa A tupu. Akarudi mwanzo kuangalia kama kinaanza hivyo pia. Hakianzi hivyo.

Mchana alikuja mzee mmoja na kadi yake ya kliniki ndani ya bahasha. Alisimama mbele ya futi ya 16, akaangalia kopo la dada, akaangalia uzi mwekundu.

"Mwalimu, huyu mama wa Durban, alipopona, hivi virusi vilivyobadilika vilienda wapi?"

"Viliisha naye, mzee. Mwili wake ulivimaliza."

"Vyote?"

"Vipimo vyake havikuvikuta tena."

Akatikisa kichwa polepole, akauliza dada yuko siku gani kliniki. Nikamwambia Jumanne na Alhamisi. Akaandika nyuma ya bahasha.

Ya wiki ijayo: kuzikunja futi bila kuvunja nyuzi (fundi anasema zizungushiwe kwenye bomba la kitambaa, atatuletea). Kuzipeleka CTC Jumanne asubuhi, kabla ya foleni ya dawa. Kumrudishia mwalimu wa jikoni bakuli zake mbili. Na kutafuta uzi wa kijani, ule wa sm 144.8 umeanza kufumuka.